Risiti iliyosema «kusafisha ekzosi»: uchambuzi wa kisa cha Canter la kokoto jijini Tanga

Gari la kisa hiki ni Canter la tipa, la dizeli, lililoingia nchini likiwa limekwishatumika Japani, na kwa miaka mitatu likawa linabeba kokoto na mchanga kutoka upande wa Amboni kwenda kwenye viwanja vya ujenzi ndani ya jiji la Tanga. Ndani ya siku 26 liliandikiwa mara tatu kwa kutoa moshi mzito, kila mara shilingi 30,000, na mara zote tatu mwenye gari alizikata fedha hizo kwenye ujira wa dereva. Dereva huyo hakuwa ameongeza kitu wala kupunguza kitu katika gari lile. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa limekwishatimia gerejini, chujio la masizi lilipoondolewa, wiki kadhaa kabla ya askari wa kwanza kunyanyua mkono, na ukamataji wetu wa magari yaliyochezewa, kwa kuwa unaanza na kuishia kwenye wingu linaloonekana nyuma ya gari, humwangukia mtu wa mwisho aliyelishika usukani na kuwaacha wawili waliokubaliana juu ya bei, fundi na mwenye gari.

Niliingia katika jambo hili kwa sababu dereva alipata kuwa mwanafunzi wangu wa ufundi wa magari, ingawa hakumaliza. Alifika nyumbani jioni moja baada ya magharibi, akabisha hodi, akatoa shikamoo, na kabla hata sijamkaribisha kiti akanionyesha simu yake: jumbe tatu zenye namba za malipo, na chini yake ujumbe wa nne kutoka kwa mwenye gari ukimwambia kwamba kosa likirudi tena atafute kazi kwingine.

“Mwalimu, tisini elfu yangu imekwenda,” alisema. “Ile paipu sijaigusa hata kwa spana. Nikimwambia mzee, ananijibu kwamba mimi nakanyaga sana mafuta.”

Jibu la mzee halikuwa la kupuuzwa. Dereva anayekanyaga mafuta ghafla huku gari limejaa anaweza kulifanya hata gari zima litoe moshi, kwa kuwa dizeli inaingia kwa wingi kabla tabo haijapata kasi ya kuleta hewa ya kutosha kuiunguza, na kile kisichoungua ndicho kinachotoka kikiwa masizi. Kwa hiyo kabla ya kumtetea mtu yeyote ilinipasa kulikagua gari lenyewe. Mzee, ambaye ni karani mstaafu na ambaye alilinunua Canter hilo kwa kiinua mgongo chake, alikubali bila kinyongo. Alisema tu kwamba ukaguzi ufanyike Jumapili ili asipoteze tripu.

Tulilikagua uani kwake Mikanjuni, chini ya mwarobaini, tairi zimewekewa mawe. Katika gari la aina hii bomba la moshi, likitoka kwenye injini, hupita kwenye debe kubwa la chuma lililolala ubavuni mwa chasisi, lenye ukubwa unaokaribia ndoo ya lita ishirini. Ndani ya debe hilo kwa kawaida mna vitu viwili vinavyofuatana: kwanza kichocheo, kinachosaidia kuziunguza gesi chafu za moshi, ambacho mafundi wetu wanakiita masega kwa sababu matundu yake ni kama ya sega la nyuki, na nyuma yake chujio la masizi, ambalo nalo ni la kauri yenye matundu, ila matundu yake yamezibwa moja moja kwa zamu, hili mbele na lile nyuma, ili moshi ulazimike kupenya kwenye kuta na kuyaacha masizi ndani. Debe la mzee lilikuwapo, limefungwa vizuri, na mtu akiliangalia akiwa amesimama angeapa kwamba halijaguswa. Nilipolala chali chini yake na tochi niliona mshono wa kuchomelea ukizunguka upande wa juu, upande ambao jicho la mtu aliyesimama haliufikii, umepakwa rangi ya fedha iliyoanza kubanduka na kutoa kutu ya chungwa. Niliugonga ubavu wa debe kwa spana namba 17. Debe lenye kauri ndani hutoa mlio mzito, mfupi, kama unagonga mtungi uliojaa maji, na hili lililia kama debe la mafuta ya taa lililokwisha.

Vipo vipimo vingine viwili nilivyofanya, navyo navieleza kwa kirefu kwa sababu vinahusu moja kwa moja swali la ushahidi. Nilichukua kipande cha kanga nyeupe iliyochakaa, nikakizungusha mara moja ndani ya mdomo wa bomba la nyuma. Gari ambalo chujio lake ni zima huacha kitambaa na rangi ya kijivu hafifu, wakati mwingine karibu safi, kwa kuwa karibu masizi yote yamebaki kwenye debe. Kitambaa changu kilitoka cheusi kama kilichofutia sufuria ya kuni, na vidole vyangu vilikuwa na mafuta ya masizi mpaka jioni. Kisha nikaunganisha mashine ya kusomea gari na kutafuta kipimo cha tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma ya chujio. Kipimo hicho huletwa na vipaipu viwili vyembamba vinavyotoka kwenye debe, na katika gari zima hupanda kadiri injini inavyoongezewa kasi, kwa kuwa moshi unapambana na kauri. Katika gari la mzee kilisoma sifuri injini ikiwa inaunguruma taratibu, na nilipoipandisha mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika kikabaki sifuri vilevile, na hapo hapo likatoka wingu lililowatawanya kuku wa jirani.

Ilibaki hoja ya mzee kwamba dereva anakanyaga. Jumatatu asubuhi niliendesha mwenyewe tripu moja ya kokoto kutoka Amboni, nikikanyaga kama mtu anayekanyaga yai. Njia ya kuingia mjini ina matuta, na moja liko mbele ya shule. Kila nilipopunguza mwendo na kuanza tena kuvuta, kioo cha pembeni kilijaa weusi, na kwenye tuta la shule niliwaona watoto wakivuta kola za mashati juu ya pua bila hata kugeuka kutazama, kama watu waliokwishalizoea. Maana yake ni kwamba mbali na chujio kuondolewa, kompyuta ya injini ilikuwa imebadilishiwa hesabu ya mafuta. Mguu wa dereva haukuwa chanzo cha tatizo, na jambo hilo nilimwambia mzee siku hiyohiyo.

Ili kuelewa kwa nini mtu mwenye akili zake akubali kuling'oa kifaa kinachofanya kazi, lazima turudi kidogo nyuma, mpaka Japani. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alikuwa akiwaonyesha waandishi wa habari chupa ya plastiki iliyojaa masizi ya magari ya dizeli, na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2003 Tokyo pamoja na majimbo jirani ya Saitama, Chiba na Kanagawa yalipiga marufuku malori na mabasi ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi kuingia katika maeneo yao. Mwenye lori la zamani alilazimika kulifunga chujio au kuliondoa barabarani, na viwanda vikajifunza kutoa malori mapya yakiwa na machujio tangu mwanzo. Hayo ndiyo malori tunayoyanunua sisi yakiwa yametumika. Tunalipokea gari lililojengwa kwa amri ya sheria fulani, ila mazingira yaliyofikiriwa na sheria hiyo hayaji nalo.

Chujio hujaa, na likijaa lazima lijichome. Gari likitembea mbali kwa mwendo wa kutosha, joto la moshi pamoja na kichocheo huyateketeza masizi pole pole. Lisipofanya hivyo, kompyuta huingiza dizeli ya ziada ili joto ndani ya debe lifike nyuzi kama 600 za Selsiasi, na kazi hiyo huchukua dakika kadhaa bila kukatizwa. Canter la mzee linatoka Amboni, linamwaga kokoto, linazimwa, linasubiri, linarudi tupu. Safari zake ni fupi, na mara nyingi kompyuta ilianza kuchoma ikakatizwa njiani. Ikishindikana mara nyingi, taa huwaka kwenye dashibodi na kumtaka dereva asimame, abonyeze kitufe fulani na kuliacha gari likiunguruma mpaka limalize. Dereva wetu aliiona taa hiyo kwa wiki tatu. Maandishi yake ni ya Kijapani. Hakuna aliyemwambia maana yake, na yeye kwa hekima ya kawaida ya barabarani aliona kwamba gari linalovuta halina ugonjwa. Baada ya wiki hizo tatu kompyuta ilipunguza nguvu ya injini ili kujilinda, gari likashindwa kupanda hata kilima kidogo likiwa na mzigo, na mzee akalipeleka gerejini.

Mafundi wengi husema kwamba mafuta yetu ndiyo yanayoua machujio. Kisingizio hicho kilikuwa na nguvu zamani. Tangu mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kwa dizeli ni salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na Tanga yenyewe ni miongoni mwa bandari zinazopokea mafuta ya nchi. Dizeli ya namna hiyo si safi kama ya Ulaya au Japani, lakini chujio linaweza kuishi nayo likipewa nafasi ya kujichoma. Chujio hili liliuliwa na kitufe ambacho hakikubonyezwa.

Gerejini nilikwenda mwenyewe. Fundi ni mtu wangu wa miaka mingi, hakunificha kitu, na sitamtaja wala kuitaja gereji yake. “Mwalimu, wewe unajua,” aliniambia. “Nikimtajia mteja bei ya chujio jipya, atanifukuza. Nikimwambia nalitoa, ananishukuru na kesho ananiletea mwenzake.” Alilikata debe kwa grainda, akavunja kauri kwa nondo mpaka ikawa unga, kijana wake akaufagia unga ule bila hata kitambaa puani, kisha wakalichomelea debe na kulirudisha. Mtaalamu mwingine mwenye kompyuta ya mkononi akaja, akaisahaulisha injini kwamba iliwahi kuwa na chujio, na kwa kuwa mteja alilalamikia nguvu, akaongeza mafuta. Masega ya kichocheo hayakuvunjwa. Yalitolewa kwa uangalifu mkubwa, yakauzwa kwa mmoja wa wale wanunuzi wanaopita magerejini na mizani ndogo, kwa sababu ndani yake mna platinamu na paladiamu. Fedha ya masega ilibaki kwa fundi.

Hapa ndipo tunapofika kwenye karatasi. Mzee, kwa tabia ya ukarani, anatunza kila risiti kwenye bahasha ya kaki, na risiti ya siku ile, ya kuandikwa kwa mkono, inasema: «Kusafisha ekzosi na kompyuta. Imelipwa.» Mzee anaisimamia risiti hiyo. Kwa maelezo yake alilipia usafi, na usafi si kukata. Fundi kwa upande wake anasema alimweleza kila kitu kwa mdomo, na kwamba neno «kusafisha» ndilo linaloandikwa siku zote kwa kazi hiyo kwa kuwa wateja wenyewe hawapendi lingine. Mimi nimeyapima maelezo ya wote wawili na sioni kwamba yanapingana kama wanavyodhani. Mzee alikiri kwangu kwamba aliambiwa taa ile haitarudi tena maisha. Mtu aliyekaa ofisini miaka thelathini anajua kwamba kitu kilichosafishwa huchafuka tena, na kwamba taa isiyorudi tena maisha ni taa iliyonyamazishwa. Hakuuliza zaidi kwa sababu jibu lingemgharimu. Nakubali kwamba hakujua habari ya grainda na nondo, lakini nakataa kwamba alidhani amelipia usafi. Na inanibidi niseme, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa, kwamba kilichomtia hasira mbele yangu hakikuwa moshi wala watoto wa shule. Kilikuwa habari ya kwamba masega yake yameuzwa na hakupewa hata senti.

Sasa tulitazame jambo hili kwa jicho la sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali nzuri, na hapo ndipo askari anaposimamia anapoandika kosa la moshi. Askari aliyeliandika Canter hili mara tatu hakukosea hata mara moja. Kando yake ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, iliyolipatia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira mamlaka yake, pamoja na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007. Faini ya barabarani huandikwa kwa namba ya gari, na deni hukaa kwenye namba hiyo mpaka lilipwe, hivyo kwa hesabu za serikali anayedaiwa ni gari, yaani mwenyewe. Sheria haikumtwika dereva mzigo ule. Aliyemtwika ni mzee, kwa makato ya mshahara ambayo dereva hakuwa na nguvu ya kuyakataa.

Ugumu mkubwa zaidi uko kwenye mikono iliyofanya kazi. Ukamataji wa barabarani unahusu hali ya gari kama lilivyokutwa, na fundi hayupo barabarani. Hata hivyo naona mlango upo. Kifungu cha 22 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinamhesabu kuwa mtenda kosa yule aliyelitenda, na vilevile aliyefanya jambo ili kumwezesha mwingine alitende, aliyesaidia, aliyeshauri na aliyesababisha. Ikiwa kuliendesha gari hili barabarani katika hali ile ni kosa, basi aliyeliondoa chujio akijua kwamba kesho litaingia barabarani, na aliyemlipa kwa kazi hiyo, wanaweza kujengewa hoja kwamba ni watenda kosa kamili. Hoja hiyo ingehitaji ushahidi wa kilichofanyika gerejini, na ushahidi wenyewe ni mshono wa kuchomelea, kipimo cha sifuri na risiti inayosema uongo. Askari mwenye kitabu cha faini hana hata kimoja kati ya hivyo, kwa sababu hakuna aliyemtuma kuvitafuta.

Wenzetu walipita njia hiihii na wakajikwaa palepale. Marekani, sheria yao ya hewa safi inakataza waziwazi kuondoa au kulemaza kifaa cha kudhibiti moshi, na pia inakataza kutengeneza, kuuza au kufunga kipande ambacho kazi yake kuu ni kukikwepa kifaa hicho. Pamoja na katazo hilo, Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo lilikadiria mwaka 2020 kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 zilikuwa zimechezewa katika muda wa takriban miaka kumi, na kwamba oksidi za naitrojeni zilizozidi kwa sababu hiyo zilikuwa sawa na kuongeza pikapu nyingine za dizeli zisizochezewa zaidi ya milioni tisa barabarani. Kilichonivutia ni mahali walipoelekeza nguvu zao: kwa wauzaji wa programu na wa mabomba yaliyonyooka, ambao wakiguswa mmoja yanaguswa magari maelfu, na siyo kwa kila mwenye pikapu mmoja mmoja.

Uingereza walichagua ukaguzi wa kila mwaka. Kuanzia Februari 2014 gari la dizeli lililotoka kiwandani na chujio la masizi huanguka kwenye ukaguzi huo likikutwa halina. Lakini mkaguzi alitakiwa kutazama kwa macho tu, na mafundi wa kule wakafanya kilekile kilichofanywa na fundi wa Tanga: ganda likabaki, matumbo yakatoka. Vipimo vya zamani vya weusi wa moshi navyo havikusaidia sana, kwa kuwa gari jipya lililotolewa chujio kwa ustadi linaweza kupita bila kutoa wingu lolote la kuonekana huku likitema chembe ndogo kwa mamilioni. Ndiyo sababu Ubelgiji mwaka 2022, kisha Uholanzi na Ujerumani mwaka 2023, ziliingiza kifaa kinachohesabu chembe zenyewe katika kila sentimita ya ujazo ya moshi, gari likiwa limesimama linaunguruma. Uholanzi ukomo wake ni chembe 1,000,000, na Ujerumani 250,000.

Jambo hilo linanirudisha kwenye Canter, kwa kuwa Canter lilikamatwa kwa bahati mbaya yake tu. Lau mtaalamu wa kompyuta asingeongeza mafuta, gari lingetembea bila chujio na bila wingu, askari angelipungia mkono lipite, na watoto wa kwenye tuta wangeendelea kuvuta chembe ambazo hata kola ya shati haizizuii. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na madhara hayo hayatokani na weusi wa moshi. Mwenye gari lililotolewa chujio bila kuongezewa mafuta, mwerevu kidogo kuliko mzee wetu, haandikiwi hata shilingi. Sidhani kwamba nakosea nikisema magari ya namna hiyo Tanga si machache, ingawa nimeyafungua chini kwa mikono yangu matatu tu.

Sipendekezi tununue mashine za Ujerumani kesho asubuhi. Kitambaa cheupe hakina bei, na mkaguzi anayejua gari lipi lilizaliwa na chujio na lipi halikuzaliwa nalo anaweza kukitumia kuchagua gari la kuinuliwa kwa jeki na la kuachwa liende. Tofauti hiyo ni ya lazima, maana Canter la zamani lisilowahi kuwa na chujio litatia kitambaa weusi bila mwenyewe kuwa na kosa la kuchezea kitu. Kitambaa kikitoka cheusi kwenye gari lililopaswa kuwa nalo, mashine ya kusomea gari itasema kilichobaki ndani ya dakika tano. Hapo faini iandikwe, na mwenye gari aagizwe kuja na risiti ya gereji iliyoligusa bomba mara ya mwisho. Naamini swali hilo la risiti lingebadilisha mengi kuliko faini yenyewe, kwa sababu fundi angeanza kuogopa jina lake kuwa kwenye karatasi, na mteja angeanza kuogopa karatasi isiyo na jina.

Nimeambiwa na wengi, akiwemo mzee, kwamba Tanga siyo Dar es Salaam, kwamba kusi na kaskazi vinapeperusha kila kitu baharini, na kwamba moshi wa Canter moja ni sawa na kutema mate baharini. Anayesema hivyo asimame nyuma ya tuta la shule saa moja asubuhi, kabla upepo haujaamka. Hoja nzito zaidi ni ya fedha. Chujio jipya kwa mtu mwenye gari moja ni mtihani kweli, na sheria inayosahau hilo itazaa grainda nyingi zaidi vichochoroni. Lakini katika kisa hiki gharama ya kuliokoa chujio, wiki tatu kabla ya kukatwa, ilikuwa dakika ishirini za gari kusimama.

Mwisho wa shauri ulikuwa wa nyumbani, bila polisi wala mahakama. Nilikaa na mzee na dereva kibarazani, nikaweka kile kipande cha kanga mezani. Mzee alikitazama kwa muda, kisha akaingia ndani na kutoka na shilingi 90,000 kwenye bahasha, akampa dereva akisema, “Mwanangu, hizi zilikuwa zangu.” Fundi, alipobanwa kwa habari ya masega, alikubali kutafuta debe zima lililotumika kutoka Dar es Salaam na kulifunga bila kudai ujira. Debe lilifika likiwa na kauri yake, likafungwa, na ndani ya siku kumi gari likakataa tena kuvuta. Yule mtaalamu wa kompyuta hakuwa amehifadhi programu ya awali, na injini iliyosahaulishwa chujio haikuwa ikijua kwamba sasa inalo, hivyo haikulichoma hata mara moja. Ilibidi lipatikane Canter la mwaka uleule na injini ileile, programu yake inakiliwe, na chujio lichomwe kwa mkono kabla ya gari kurudi kazini. Kazi hiyo ya mwisho ilikula wiki mbili za tripu, na mzee aliinunia mpaka leo.

Nilibandika kipande cha karatasi kwenye dashibodi, juu ya yale maandishi ya Kijapani, nikaandika kwa wino mzito: SIMAMA. BONYEZA. SUBIRI DAKIKA 20. Juma lililopita nililikuta Canter limeegeshwa pembeni mwa barabara ya Amboni na mzigo wake, linaunguruma peke yake, dereva amekaa kivulini na kikombe cha kahawa, na nyuma yake lori jingine likimpigia honi.